Mayai Meupe Ndani ya Kioo

Mwanangu, kabla sijafika kwa samaki, acha nipitie kwanza kwa ng'ombe. Nakumbuka mchana mmoja kule Boga, mimi ningali kijana wa kuchunga. Ng'ombe wa baba yangu walikuwa wamekaa muda mrefu bila kushika mimba. Kaka yangu mkubwa akanyoosha kidole kwa jirani yetu, mwanamke mnyonge aliyezoea kupita karibu na zizi, eti amewaroga. Baba akakishika kile kidole, akakiteremsha polepole. Akauliza, "Na dume umemwangalia?"

Hakuna aliyekuwa amemwangalia. Alikuwa mkubwa, mkali, anapiga wenzake pembe, nasi tukadhani ukali ndiyo kazi yake. Baba akaleta dume lingine, ndama wakazaliwa. Mimi shule niliiacha mapema, lakini swali lile sikuliacha.

Sasa samaki. Mtoto wangu Faustin, ninayekaa naye parseli moja, kiwanja kimoja, hapa mtaa wa Bigo, anatengeneza simu. Siku moja akaweka saloni, yaani sebuleni, sanduku la kioo, na maji, na taa. Nilimcheka sana. Samaki wa kuangaliwa tu, haendi hata kwenye sufuria! Lakini walipofika kutoka Kampala ndani ya mfuko wa plastiki, niliacha kucheka. Bapa, mapezi marefu kama mabawa, ndiyo maana wanaitwa samaki malaika. Wawili wakajitenga na wenzao, wakawa pamoja siku zote. Yule mkali, anayefukuza wengine, tukamwita Bwana. Mpole tukamwita Bibi.

Wakataga kwenye bomba la kusafishia maji, mayai yamepangwa mistari kama shanga. Aliyefurahi kuliko wote ni Chantal, mke wa Faustin. Alikuwa na mimba, na ile ya kwanza ilikuwa imetoka. Akasema haya mayai ni alama yake. Hapo nilipaswa kumwambia kwamba mimba yake haitegemei samaki, nikaona haya. Mambo ya tumbo, baba mkwe anaanzia wapi?

Mayai yakageuka meupe. Kisha yakaota ukungu kama pamba.

Faustin akabadilisha maji, akajaribu ya mvua. Akatia dawa ya buluu ya kuzuia ukungu. Akafunika kioo kwa kikwembe, kitenge cha Chantal, samaki wasishtuke. Aliyemuuzia akamwambia kwenye simu avumilie, pengine dume bado changa. Wakataga tena, yakawa meupe tena.

Nyuma ya parseli alikaa Mama Furaha, mjane aliyekimbia vita upande wa Iga Barrière. Nyumba yake huko ilikuwa imechomwa. Kwetu alikuwa anabeba maji ya chemchemi kwa bidoni, dumu la plastiki, ya kupikia na ya samaki pia.

"Papa, ile mama iko na mukono mubaya," Chantal akaniambia, mkono juu ya tumbo. "Kila mara anamwaga maji, mayai inakufa. Na mimi niko na nini mu tumbo? Haiko mutoto?"

"Basi maji ya samaki nitabeba mimi."

Nikabeba, na uzee huu. Mayai yakafa vilevile. Nikafikiri sasa tutapumua. Wapi! Chantal akasema yule mama anaroga kwa macho, akiwa kwake. Unaona, mwanangu? Akiwepo, kosa lake. Asipokuwepo, kosa lake.

Faustin akamwambia Mama Furaha ahame kabla ya jioni. Sijui nani alipeleka neno barabarani kwamba kwetu kuna mulozi, mchawi. Vijana wakajaa kwenye lango, motadi mmoja, mwendesha pikipiki ya abiria, mbele yao.

"Muzee, weye kaa pembeni. Mulozi tutamusindikiza siye."

"Mutamusindikiza wapi?"

"Ye mwenyewe anajua."

Wakacheka. Kile kicheko sikukipenda. Mmoja alikuwa ameshaokota jiwe, analirusharusha kiganjani kama ndimu.

Mama Furaha alikaa uani juu ya mzigo wake uliofungwa. Halii. "Papa," akaniambia, "mimi ile mayai nilikuwa naiombea kwa Mungu."

Nikaingia saloni nimsihi Faustin awazuie wale vijana. Nikamkuta amesimama dirishani, amegeuzia kioo mgongo. Na ndani ya kioo samaki walikuwa wanataga. Bibi akapita juu ya bomba, akaacha mstari wa mayai. Nyuma yake akapita Bwana. Na nyuma ya Bwana, mstari ukaongezeka. Nikainama mpaka pua ikagusa kioo. Chini ya tumbo la Bwana palitokeza kijibomba kinene, butu, na yai linatoka.

"Faustin! Kuya hapa! Bwana wako anataga!"

"Papa, sasa haiko saa ya masikhara."

"Nimesema kuya!"

Akaja. Akainama, akaangalia. Chantal akamsukuma, akaangalia na yeye. Yai moja. Lingine. Akaweka mkono mdomoni.

"Iko nini?" motadi akauliza kutoka nje.

Faustin akatoka mlangoni. "Iko bibi wawili," akasema. "Hakuna bwana mule. Hakukuwa bwana hata siku moja."

Mmoja akacheka, mwingine akacheka. Jiwe likadondoka. Wakawasha pikipiki, wakaenda. Kusema pole? Hata mmoja.

Baadaye likaja dume la kweli. Safari hii tuliangalia wakati wa kutaga: kijibomba chake chembamba, kimechongoka. Mayai yakabaki rangi ya asali, kisha yakaanza kutikisa mikia. Chantal alijifungua salama, msichana.

Mama Furaha alifungua mzigo wake, lakini maji yetu hajabeba tena. Sasa ni Chantal anayebeba. Kila asubuhi anaweka bidoni kwenye mlango wa yule mama, anabisha hodi, anarudi. Siku zingine mlango unafunguliwa. Siku zingine hapana.

Mwanangu, ukifuga hawa samaki, mayai yote yakiwa meupe kila wanapotaga, tafuta kwanza kama dume yuko, kabla ya dawa. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni hili: kama Bwana angechelewa kutaga mpaka kesho yake, Mama Furaha angekuwa wapi? Hilo bado linaniamsha. Usingoje samaki aje kumtetea mtu. Usipojua sababu, sema hujui, na uwazuie wanaosema wanajua. Simama langoni hata kama magoti yanatetemeka.

Nenda, Mungu akulindie tumbo la mkeo na watoto wa nyumba yako. Kidole chako kikiinuka, akupe mtu wa kukiteremsha. Na ukibisha hodi mlangoni kwa uliyemkosea, siku moja akufungulie.