Fundi Aliyesema Karte-Mère Imekwisha

Juzi kwa sekretaria moja, duka ya kuchapisha barua, hapa Gisenyi nimeona fundi ambaye uongo yake inaweza kujaza Ziwa Kivu mpaka imwagike Goma. Mama mumoja, mushonaji wa nguo, alikuja kuchapisha barua ya shule ya binti yake. Barua iko kwa flash, na shule inafunga kuandika wanafunzi saa kumi na moja. Ilikuwa saa kumi. Matundu ya flash kwa ile kompyuta, mbele na nyuma, yote imekufa.

Fundi hata hakuinama. Akasukuma kompyuta kidogo na kiatu, mikono mufukoni.

"Bon, karte-mère, ule ubao mukubwa wa ndani, imekwisha. Ni vumbi ya volkano. Tutaagiza ingine Kigali."

"Volkano imeingia humu lini, fundi?" mama akauliza.

"Mama, we shona nguo. Hii ni elektroniki."

Mi ningeitengeneza kwa dakika mbili, macho nimefunga, lakini nilikuwa nimepata kiti muzuri. Mama akapiga magoti, akamulika matundu na simu, moja moja.

"Huku kuna kachuma kamepinda, kanagusa kenzake, ndiyo maana yote imezimika. Mashini yangu ya kushona ilifanya hivi hivi."

Akachomoa waya kwa ukuta, akatoa sindano kwa kola, akakanyoosha polepole. Wakawasha. Barua ikatoka, mama akakimbia nayo ingali moto.

Fundi akatuangalia bila haya. "Munaona? Nilisema ni vumbi."

Huyu mutu, siku kajiwe kataingia kwa kiatu yako, usimuite. Atakukata mguu.