Hewa ya Samaki

Juzi hotelini niliona kimashine kikitoa mapovu bwawani ili samaki wapumue, nikamkumbuka baba. Alasiri moja ya kipupwe, nyuma ya nyumba ya mlowezi kule Gitting, alisimama ndani ya bwawa lililonuka tope, akiyachapa maji kwa tawi huku akikohoa. Kwetu sisi wafugaji wa ng'ombe, samaki hawaliwi. Ni jamaa ya nyoka. Mimi, msomi wa baadaye, nikadhani anawaua.

"Piga, baba! Piga!"

"Memsahibu, naomba nitoke. Kifua kinabana," baba alisema.

"Hapana toka! Samaki takosa hewa," mama wa kizungu alijibu barazani, amejifunika blanketi. "Sikia toto yako. Nasema piga."

Baba akapiga. Baridi ilipoisha, samaki wote walikuwa hai, na kaburi la baba lilikuwa limeanza kuota majani.