Nilivyonawa Miguu Newala

Wajukuu zangu wakija na habari za kuchagua chuo, huyu anataka biashara, yule ualimu, mwingine anahama hapa atafute kule, mimi hunyamaza. Wanadhani ni kwa sababu sikusoma. Sikusoma kweli. Niliishia kuunganisha herufi na kuandika polepole, kama hivi. Lakini sinyamazi kwa hilo. Niliwahi kutumwa kumtazamia mtu shule, nikamharibia, na nilijua ninachofanya.

Ulikuwa wakati wa Mdachi, vita vya Maji Maji vimepita juzijuzi. Shule ya misheni pale Masasi, tulikokuwa tukisoma mimi na mdogo wangu, ilikuwa imechomwa moto, walimu wamekimbia. Mdogo wangu aliokota kwenye majivu kipande cha kibao cha kuandikia, ukubwa wa kiganja. Alikuwa akiwapanga watoto nyuma ya nyumba na kuwafundisha a, e, i, o, u, mkali kumshinda mwalimu mwenyewe. Mimi nilipenda shule kwa sababu ya wenzangu. Yeye aliipenda shule.

Kwetu mwenye sauti juu ya mtoto ni mjomba. Wetu alituita, akasema, "Mtahama. Majivu hayafundishi." Alitaka tujue mambo mawili, kufundisha na kuuza. Palikuwa na njia mbili. Lindi alikuwako rafiki yake mwenye duka, ambaye mkewe angetufundisha biashara, basi. Newala alikuwako mwalimu, mtu wa huku huku, aliyekuwa bado anasomesha, na mkewe aliuza chumvi na mikeka. Huko mtoto angepata yote mawili katika nyumba moja. Lakini Mjomba hakuwa amepaona, na mguu wake ulikuwa na jeraha tangu vitani. Mdogo wangu alikuwa na homa. Ikabaki mimi.

"Nenda ukaone," Mjomba akaniambia. "Macho yako ndiyo yangu."

Nilifuatana na akina mama waliokuwa wakipandisha chumvi Newala, juu mlimani. Njiani askari alitusimamisha, akaonyesha kibuyu changu. "Humo mna nini?"

"Maji," nikasema.

Wale mama waliganda. Mwaka ule neno hilo halikutajwa mbele ya askari.

"Maji gani?"

"Ya kunywa, bwana."

"Haya, kunywa."

Nikanywa kibuyu kizima, ananitazama, mpaka tumbo likawa ngoma. Tulipokata kona wale mama walicheka hadi wakatua mizigo. "Siku nyingine useme uji, wewe mtoto!"

Kwa hiyo nilipanda mlima sina hata tone, nikafika kwa mwalimu nimejaa vumbi jekundu hadi magotini. Mkewe alinipokea vizuri. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibu." Akatoka ndani ameshika bakuli kwa mikono miwili, akaliweka mbele yangu. "Maji hayo."

Masasi chini ya majabali kuna visima. Kwetu mgeni akipewa maji hunawa, aonekane ametoka kwa watu. Nami nilitaka sana kuonekana. Nikanawa uso. Nikanawa mikono. Nikajimiminia miguuni, nikasugua visigino kwenye jiwe, kisha nikamwaga yaliyobaki kwa madaha.

Nilipoinua kichwa, wanafunzi wote wa mwalimu walikuwa wamesimama wakinitazama. Bibi mmoja mwenye ndonya, kile kipande cha mti kwenye mdomo wa juu, mama yake mwalimu, akatazama pale chini palipolowa. "Lo! Mgeni wetu ameoga ugali wa leo."

Maji ya Newala huteremkiwa bondeni alfajiri, na watu hurudi nayo jua limekwisha kuwa kali. Lile bakuli lilikuwa la kunywa mafunda mawili na kurudisha. Jioni ile nyumba nzima ilikula mihogo ya kuchoma, mikavu, kwa sababu yangu.

"Samaki!" watoto wakaanza. "Samaki wa Masasi! Mtieni mtungini asife!"

Mke wa mwalimu aliwakemea. "Hajui. Atajifunza." Angenipiga ingekuwa afadhali.

Kesho yake mwalimu alinisomesha mistari miwili, akauliza habari za mdogo wangu. Nilimweleza juu ya kile kibao na darasa la nyuma ya nyumba. Alicheka kwa furaha. "Njooni wote wawili kabla ya mvua. Na huyo mdogo, akishajua kusoma vizuri, nitampa watoto wa mwanzo awafundishe." Maneno yake hayo, neno kwa neno. Mpaka leo ninayo.

Nilirudi siku mbili kwa miguu, na kila hatua nilisikia Samaki, Samaki. Nikiwaza kurudi kule na kuishi mbele ya macho yale, mwili uliniwaka. Nilipofika nyumbani Mjomba hakuningoja hata nikae.

"Umeona nini?"

"Hakuna shule pale, Mjomba. Kibanda tu. Tena sisi watu wa chini ya mlima hawatutaki."

Mdogo wangu alikuwa amejikokota hadi mlangoni, amejifunika shuka. "Mwalimu alisemaje juu yangu, dada?"

"Hakukutaja."

Mjumbe hauawi, wanasema. Mjumbe huua, lakini.

Mimi nikapelekwa Lindi kujifunza duka. Mdogo wangu, Mjomba alimwona mdogo mno kwa pwani, basi akabaki nyumbani, na mchumba alipokuja akaozwa. Sijui kile kibao kilikwenda wapi. Sikuuliza.

Mwaka wa nne nilikuwa nimerudi Masasi, nauza chumvi barazani. Mdogo wangu alikuwa ameketi nami, mtoto mgongoni, alipotokea mke wa mwalimu. Alinitambua kwa mbali. "Samaki wetu!" Akakaa, akasimulia kisa chote cha bakuli, anacheka, na mdogo wangu anacheka naye mpaka machozi. Kisha yule mama akamgeukia. "Ndiwe yule mdogo? Tulikungoja mpaka mvua, mwanangu. Mwalimu alikuwa amekuwekea mtungi wako."

Mdogo wangu aliacha kucheka. Alimletea mgeni maji, akangoja anywe, akamsindikiza hadi njia panda. Aliporudi alinitazama miguu, si uso.

"Kumbe ni hivyo tu," akasema. "Miguu."

Nikaanza kupima chumvi ambayo hakuna aliyeiomba.

Hakunigombeza, wala hakumwambia Mjomba. Kesho yake asubuhi alipita kwenda kisimani kama kawaida, akasimama mlangoni pangu. "Shikamoo, dada," akaniambia, yaani nashika miguu yako. Na asubuhi zote zilizofuata, miaka yote, mpaka tulipomzika. Nami nikaitikia marahaba, maana ndilo jibu lililopo.