Mtihani wa Springi

Majirani walimwita Springi, na hawakumwonea. Miaka hamsini na mbili, lakini hata kwenye foleni ya mkate miguu haitulii, utadhani sakafu ina moto. Kwa miaka kumi na tisa aliwafundisha watu mazoezi ya viungo katika ukumbi ulio juu ya duka la vigae. Watu walipanda ngazi wakichechemea, wakashuka wakitamba. Cheti cha nini tena?

Kumbe kuna anayekitaka. Meneja mpya, kijana mpole, alimwita ofisini.

"Shikamoo mama. Kuanzia mwezi ujao, asiye na cheti hafundishi. Mtihani ni baiolojia, fizikia na kemia kidogo."

"Marahaba. Kemia?" Springi alishika meza. "Kemia niliiacha kidato cha pili, na yenyewe ilifurahi!"

Alirudi nyumbani maji yamemfika shingoni. Binti wa kaka yake, mwalimu wa sayansi aliyeishi naye, alimkuta anaruka kamba sebuleni kwa hasira.

"Wakininyang'anya lile darasa, mwanangu, nitazeeka kwa siku tatu."

"Huzeeki, shangazi. Kaa chini tusome."

"Sikai! Nifundishe hivihivi."

Basi wakasoma hivyohivyo. Mifupa ya mkono kwenye kamba, mmeng'enyo wa chakula akichuchumaa, fizikia akiosha masufuria. Binti akambandika vikaratasi vya majina ya misuli mwili mzima, akome kuyasahau. Alikoma kweli, ila kimoja alisahau kukibandua. Alikwenda kununua mkate na maandishi nyuma, kwenye makalio: MSULI MKUBWA KULIKO YOTE. Muuzaji alisoma, akakohoa, akasahau bei. Springi alipojua alicheka mpaka akakaa chini, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Siku ya mtihani ikafika. Maji ameyavulia nguo, sharti ayaoge. Karatasi ya maandishi aliimaliza vizuri tu. Ikabaki ya vitendo, mbele ya mtahini mwembamba mwenye miwani.

"Shika palipo na ini lako, useme ni upande gani."

"Kulia!" alijibu Springi kwa sauti ya ukumbini, na akashika kushoto.

Msimcheke. Anayefundisha mazoezi huwatazama watu wake uso kwa uso. Akitaka wainue mkono wa kulia, yeye huinua wa kushoto. Miaka kumi na tisa!

"Kulia kwa nani, mama?"

"Kwako, mwalimu!"

"Nimeuliza ini lako," mtahini alisema, akachora mkasi mwekundu wa kosa kwenye karatasi yake. "Limebaki swali moja. Ukilikosa hili, umeanguka. Nyanyua gunia la mchanga, ueleze fizikia yake."

Lakini gunia lenyewe lilikuwa limepasuka mikononi mwa mtahiniwa aliyetangulia, na mchanga ulikuwa umetapakaa sakafu nzima. Mtahini akafunga kalamu. "Tuahirishe. Utarudi baada ya miezi mitatu."

"Miezi mitatu? Darasa langu si watakuwa wameshampa mtu?"

"Pole, mama. Bila mzigo sina la kufanya."

Springi alimtazama juu mpaka chini. "Una kilo ngapi?"

"Sitini na nne, kwa ni... Mama! Mama!"

Keshachuchumaa, keshamkumbatia.

"Huu ni wenzo!" alitangaza. "Egemeo liko hapa kiunoni. Mzigo ukiwa mbali, mgongo unaumia bure. Kwa hiyo nauvuta karibu, hivi. Mgongo umenyooka. Miguu ndiyo inasukuma, na pumzi naitoa nikipanda. Phuuu!"

Viatu vya mtahini viliachana na sakafu. Watahiniwa mlangoni wakapiga vigelegele. Springi mwenyewe alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, maana kila neno alilosema alikuwa amelielewa. Hakukariri! Yeye, mtoro wa kemia tangu kidato cha pili, alikuwa ameielewa fizikia, na furaha ikampanda kichwani.

"Haya, haya, umefaulu! Nishushe!"

"Umeshaandika?"

"Nitaandika mezani."

"Andika hukohuko juu, mwalimu. Mimi sina haraka."

Mtahini akapapasa mfuko, akatoa kalamu, akaegemeza karatasi kwenye utosi wa Springi, akaandika.