Sakafu ya Wifi Yangu

Nakumbuka siku Nyanya Zainabu aliyonipiga kofi mkononi, mwanangu, nikiwa nimeshika tambara na machozi yananitiririka, nikamchukia kwa moyo wangu wote. Leo nikitaja jina lake huwa naongeza dua. Keti hapo nikueleze kwa nini. Na hiyo simu iweke kando, maana ndiyo iliyonifanya nikuite.

Wiki iliyopita hapa kwetu Gatina, Kawangware, jirani yetu alipokutwa amekufa chumbani mwake, niliwaona kwa macho haya mkiingia mmoja mmoja kupiga picha. Mmoja wenu alikanyaga damu. Mwingine akasogeza kiti ili picha itoke vizuri. Na akina mama, Mungu awabariki kwa roho zao nzuri, walikuwa wameshashika mafagio. Nilipiga kelele hadi koo likakauka, na wewe, mjukuu wangu, ukanicheka: "Shosh, relax, si tunasaidia tu!" Kusaidia! Haya, sikiliza.

Wakati huo nilikuwa msichana wa kusuka nywele hapa Kawangware. Kaka yangu Ouma alikuwa amepanga chumba kule Kianda, Kibera, yeye na mkewe Nekesa. Ouma alikuwa mtu wa mjengo, kibarua wa kujenga nyumba, mwenye domo refu la kugombana na kila mtu, lakini hata kuku wa Krismasi alikuwa akichinjiwa na jirani. Nekesa naye nilimpenda. Unajua wewe mwenyewe jinsi mawifi wanavyotazamana, basi sisi tulibahatika, tulicheka pamoja mpaka Ouma akatuonea wivu. Mwenye ploti hiyo ya vyumba vya kupanga alikuwa Nyanya Zainabu, Mnubi wa Kibera, ambaye babu zake walizikwa huko kabla hata ya mabati hayo kujengwa. Alikuwa mkali. Ukimwaga maji machafu mlangoni, ploti nzima ingejua jina lako na la ukoo wako.

Asubuhi moja nilikuwa nikimpelekea Nekesa mafuta ya nywele. Nikakuta mlango umerudishwa tu. Nikausukuma. Alikuwa amelala chini kati ya kitanda na jiko, kichwa kimepasuka, na damu imetanda sakafuni. Sikumbuki nilivyopiga nduru. Naambiwa ilisikika hadi barabarani.

Watu walijaa. Sasa kuta za mabati, mwanangu, hazina siri. Jioni iliyotangulia Ouma na Nekesa walikuwa wamezozana, na ploti nzima ilisikia. Kwa hiyo Ouma alipoitwa kutoka mjengo akaja mbio, bado ana simiti miguuni, hukumu ilikuwa imeshakatwa. "Ni huyu! Jana si tulisikia wakivurugana!" mtu akapaza sauti. Wengi wape, walisema wahenga, lakini siku hiyo wengi walikuwa wakitafuta tairi la kumchomea. Polisi ndio waliomwokoa. Walimtia pingu wakampandisha garini, na nyuma yake wakampandisha mkewe akiwa amefunikwa shuka. Mume na mke katika gari moja. Picha hiyo haijanitoka mpaka leo.

Polisi mmoja alituambia kabla hawajaondoka, "Msiguse kitu huko ndani. Wale wa kuchukua ushahidi wanakuja." Kisha gari likaenda na hakubaki hata askari mmoja mlangoni.

Wewe umezaliwa humu, unajua sisi tulivyo. Kifo kikiingia kwenye ploti hakuna anayengoja kutumwa. Mmoja ataleta viti, mwingine makaa, mwingine sufuria kubwa ya chai. Na chumba cha marehemu lazima kitolewe vyombo na kuoshwa, waombolezaji wasikute aibu. Mama yake Nekesa alikuwa tayari njiani kutoka Bungoma. Wanawake wakaniuliza, "Atieno, mama wa watu akute damu ya mtoto wake sakafuni, inzi wakiitembelea?" Swali hilo lilinikata maini. Wifi yangu alikuwa mtu safi, anafagia hadi mlangoni kwa jirani.

Hapo ndipo alipofika Baba Tito, muuza maji wetu, akisukuma mkokoteni. Lazima umjue Baba Tito. Mifereji ikikauka Kibera, mtu huyo angemtazama mama mwenye mtoto mgonjwa na asimpe hata kikombe. Siku hiyo aliteremsha mitungi miwili, imejaa pomoni. "Hii ni yangu kwa marehemu," alisema. "Osha haraka, dada yangu, kabla mama yake hajafika. Hii ni aibu." Akanipa mtungi kwa mkono wa kushoto. Nilishangaa kidogo, maana alikuwa mtu wa adabu zake, na hakuna anayempa mwenzake kitu kwa mkono wa kushoto. Aliniona nikitazama. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. "Ni mabati," akasema.

Ni nani Kibera ambaye hajakatwa na mabati? Nililia kwa shukrani. Nikamwambia, "Mungu atakulipa, Baba Tito."

Nikamimina maji kwenye karai, nikatia sabuni ya unga, nikapiga magoti. Karibu na kizingiti palikuwa na matone madogo ya damu, yako mbali na ile damu nyingi, yamefuatana kuelekea nje. Nikaona nianze na hayo, ndiyo mepesi. Nikaweka tambara juu ya tone la kwanza nikasugua.

Ndipo kofi likatua. Tambara likaruka.

"Wacha!" Nyanya Zainabu alikuwa amesimama juu yangu. "Toka hapo, Atieno! Usiguse kingine."

"Nyanya, ni damu ya wifi yangu! Tuiache ikanyagwe?"

Alininyanyua kwa kwapa kama mtoto akanitoa nje. Kisha akasema polepole, hata wanawake wakalazimika kusogea ili wasikie. "Walimuua ndugu yangu hapa hapa Kibera, kabla wewe hujazaliwa. Tukaosha. Tuliosha vizuri sana, sakafu ikang'aa. Mpaka leo, Atieno, sijui nimsamehe nani."

Akavuta mlango kwa ncha ya leso yake, akatia kufuli lake mwenyewe. Halafu akasogeza mmoja wa ile mitungi ya Baba Tito, akaukalia, mgongo umeegemea mlango.

Alitukanwa matusi ya kila rangi. Walisema Mnubi huyu hana utu, anaogopea nyumba yake tu. Mimi mwenyewe nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Baba Tito ndiye aliyekuwa mpole kuliko wote. "Nyanya, tafadhali, waachie watu wamheshimu mtu wao."

"Heshima itangoja," akajibu, wala hakuinua macho.

Mama yake Nekesa alipofika, akaomba aone mahali mwanawe alipoanguka. Nyanya Zainabu aliinuka akamkumbatia, wakalia pamoja kwa muda mrefu. Lakini mlango hakuufungua. Nilijiambia sijawahi kuona roho ngumu kama hiyo.

Jua lilikuwa limeanza kushuka walipokuja wale wa ushahidi, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Walivaa glavu, wakafunika hata viatu vyao. Walipiga picha kila kona kabla ya kugusa kitu. Walipanga vibao vidogo vyenye namba sakafuni, kisha yule mwanamke akawa anachukua kila tone kwa pamba yake, analitia kwenye bahasha yake ya karatasi. Hata ndara zangu alizipiga picha kwenye soli, asije akachanganya nyayo zangu na za mwingine. Sikujua kwamba kuna watu wanaoingia kwenye nyumba ya kifo kwa upole namna hiyo.

Alipofika kizingitini alichuchumaa. "Nani alisugua hapa?"

Niliinua mkono, nimejaa haya.

"Umefuta moja. Bahati yamebaki mengine." Akanitazama. "Marehemu hakuinuka pale alipoanguka. Haya yalidondoshwa na mtu aliyekuwa akitoka."

Mwanangu, nilishika ukuta. Ouma alichukuliwa mbele yangu akiwa hana hata mkwaruzo. Kumbe nilichokuwa nikisugua kwa sabuni, kwa machozi na kwa mapenzi, kilikuwa uhai wa kaka yangu mwenyewe.

Tulimzika Nekesa kwao, Ouma akiwa rumande. Baba Tito alibeba jeneza hadi kwenye basi. Alilia kutushinda sisi wafiwa, watu wakamsifu.

Majibu ya maabara yalichukua muda, nami nilikonda. Yalipotoka, tuliitwa. Damu ya matone yale haikuwa ya Nekesa. Haikuwa ya Ouma pia. Yule mama wa ushahidi akauliza kama kuna mtu wa pale ambaye alikuwa na kidonda siku ile. Nilifungua kinywa niseme hapana, sikumwona. Na hapo hapo nikauona mkono wa kushoto ukinipa mtungi wa maji.

Nikalitaja jina la Baba Tito. Ilibidi wanipe maji ya kunywa, nami nikashindwa kuyanywa.

Walimkuta bombani akijaza mitungi. Damu yake ilipopimwa, ilikuwa ndiyo ile. Mahakamani ikajulikana kwamba alikuwa akimsumbua Nekesa, na asubuhi ile Nekesa alimwambia atamweleza mumewe, wakakabana, naye akatoka na mkono umechanika.

Nimezeeka, mwanangu, na bado nashtuka nikilikumbuka jambo hilo. Kikulacho ki nguoni mwako, hilo tulifundishwa tangu utoto. Kinachonishtua ni kwamba mtu yule hakuhangaika kuficha kitu. Alitujua. Alijua roho zetu nzuri na haraka yetu ya kumsitiri marehemu, akaona inatosha kutuletea maji, na kazi iliyobaki tutamfanyia sisi. Nami nilimwombea Mungu amlipe!

Ouma aliachiliwa. Siku aliyorudi Kianda, Nyanya Zainabu, ambaye hakuwa amekipangisha chumba kile, alituita. Polisi walikuwa wamesharuhusu kifunguliwe. Alinunua maji yeye mwenyewe, akakunja gauni lake, na licha ya uzee wake, akapiga magoti kabla yetu. "Sasa," akasema, "sasa tuoshe." Tukaosha sisi watatu, Ouma akilia na brashi mkononi. Nilijaribu kumwomba radhi yule bibi. Akaniambia nisugue vizuri pembeni.

Basi shika neno langu. Haraka haraka haina baraka, na hakuna mahali inapokosa baraka kama kwenye mlango wa aliyeuawa. Ukikuta mtu ameuawa, rudi nyuma kwa nyayo zako zile zile. Usiguse, usifagie, usipige picha ya kuonyesha watu, na umzuie hata mama yako akija na ndoo. Akikutukana, vumilia. Kaa mlangoni mpaka waje wanaojua kuokota kile ambacho wewe hukioni. Wala usimnyooshee mtu kidole kwa sababu ulisikia kelele ukutani, maana kelele haziui. Kumlilia marehemu kutangoja. Ukweli ukishamwagwa na maji machafu mtaroni hauzoleki tena.

Mungu akupe moyo mwepesi wa kusaidia, mwanangu, na akupe mikono inayojua kungoja. Akuepushe na msiba ambao hutajua umsamehe nani. Na siku ya kuosha ikifika, akupe maji uliyoyanunua mwenyewe, na watu wa kupiga magoti pamoja nawe.