Moyo Uliochoka Kwenye Njia ya Beni

Miaka ya kwanza baada ya uhuru niliendesha kamyo kati ya Butembo na Beni, nikibeba viazi na maharage ya Masereka, nyumbani kwao mke wangu. Wazazi wake ni Wakatoliki, mimi Mwislamu. Walinikasirikia, kisha wakanizoea. Tulikaa Vulamba, mtaa wa Butembo.

Alipopata mimba yetu ya kwanza, miguu ilimvimba hata akawa anavaa viatu vyangu. Majirani walicheka, wakasema ni mapacha. Lakini siku za kuzaa zilipokaribia akashindwa kulala. Alikaa ameegemea ukuta, akihema kama mtu aliyetoka kupanda mlima.

Muuguzi wa materniti, mama mtu mzima, alimsikiliza kifuani kwa muda mrefu.

"Mimba inaongeza damu," akaniambia. "Moyo yake inasukuma ya batu babili, lakini imechoka. Maji inaingia ku mapafu. Umupeleke Beni, kule docteur angaliko. Na hapana kumulalisha chali."

Daktari wa kwetu alikuwa amewakimbia waasi.

Tukaondoka asubuhi. Kwenye bariyeri, kizuizi cha njiani, askari walizunguka kamyo. "Kita!" mmoja akaniamuru kwa Lingala, nishuke.

"Chef, bibi yangu ni mugonjwa, anakaribia kuzaa."

"Sisi tuko na bale balipigwa risasi. Bibi yako atembee."

Wakaondoka na kamyo, tukabaki kando ya njia. Mke wangu hakulia. Alisema tu, "Baba, unishike mugongo."

Wanaume waliokuwa wakitoka shambani wakafunga kiti kwenye miti miwili, kipoyi, tukambeba tukipokezana. Kila tulipopumzika niliweka mkono kifuani pake. Moyo ulikimbia ovyo, ukasita, ukakimbia tena.

Tulifika Beni angali hai. Akazaa siku hiyo hiyo, mtoto msichana, mzima. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikakimbia kumtafutia mke wangu chai. Niliporudi midomo yake ilikuwa imegeuka rangi na povu linamtoka. Daktari alimchoma sindano, akachoma nyingine, kisha akaacha.

"Lakini amekwisha kuzaa!" nikamwambia.

"Ndiyo hapo hatari inazidi," akajibu. "Mtoto akitoka, damu nyingi inarudi kwa moyo mara moja. Moyo wake haukuiweza."

Nilimzika huko Beni, maana njia ya kurudi ilikuwa imefungwa. Padri hakuwepo. Nilisoma dua ninazozijua mimi. Mama mkwe wangu aliambiwa na wachuuzi, mazishi yakiwa yamepita zamani. Njia ilipofunguka nilimpelekea mjukuu. Alimpokea, akaingia naye ndani, akaniacha uani.

Mtoto alikulia Masereka. Nilipita kumuona kila nilipopata safari, na safari zilikuwa chache. Siku moja, alipokwisha kujua kusema, alinitazama, akamgeukia nyanya yake.

"Mukaka," akaita, yaani nyanya kwa lugha ya kwao, "kuko mugeni."