Mbuzi ya Leta

Hapa Ntoto hakuna mutu aliyependa kusema "ya Leta" kuliko Nestor, kapita wa barabara, musimamizi wa wachimbaji. Wengine wakisema Leta, ni serikali ya Wabeleji, yenye kodi na gereza. Kwa Nestor, Leta ilikuwa tumbo lake. Kiti chake: kiti ya Leta, usikalie. Mbwa wake mwenye upele: mbwa ya Leta, usimupige. Hata akikohoa, wanaume waliochimba mifereji walinong'onezana, "Nyamazeni, kikohozi ya Leta," wakacheka chini-chini.

Mama Agathe hakucheka siku mbuzi wake alipovuka barabara. Huyo mbuzi wa mahari alikuwa anangojewa na wakwe kule Itebero. Bila yeye hawangemupa Émile, mutoto wa Agathe, bibi wa kuoa. Nestor akamukamata mbuzi kwa kamba.

"Imekanyaga barabara ya Leta. Sasa iko mbuzi ya Leta."

"Papa kapita, na weye unaikanyaga kila siku. Weye iko wa nani?"

"Mama, unatukana Leta!"

Akamufunga mbuzi nyuma ya jiko lake. Agathe alienda kumuomba tena jioni, akakuta bibi ya Nestor anasaga pilipili. Akaelewa: Leta ilikuwa na njaa.

Kesho yake asubuhi muzungu wa teritware, mukubwa wa wilaya yote, akafika kupima barabara, yeye na polisi wake. Nestor alisimama wima, kifua mbele, kama ameumba vilima vyote mwenyewe. Agathe hakulia mbele ya muzungu. Alikata majani mabichi, akayabeba kichwani, akaenda moja kwa moja kwa polisi.

"Papa polisi, naleta chakula ya mbuzi yenu. Iko na mimba, na kapita hailishi."

"Mbuzi yetu gani?"

"Ya Leta. Iko pale nyuma ya jiko yake."

Polisi akamugeukia Nestor. "Leta haina mbuzi huku. Uliitoa wapi?"

Kifua cha Nestor kikashuka.

"Hapana, chef, mukubwa wangu... iko ya Mama Agathe. Nilikuwa namuchungia tu."

"Kumbe niko na muchungaji!" Agathe akasema. "Mufungue basi, muchungaji."

Fundo likamushinda vidole. Ikabidi apige magoti, alifungue kwa meno, matako yakielekea barabarani. Wanaume waliinamia majembe, mabega yakitikisika. Agathe akapokea kamba bila asante, akamuita Émile, wakashika njia ya Itebero palepale, kabla kapita hajapata neno lingine la kulia nyama.